Robo ya Skrubu

Mabawa nimeyashona mimi,
kwa cherehani ileile ya sare za shule hapa Igalula:
mita arobaini za kitambaa cheupe, uzi mara mbili,
sindano tatu zikavunjikia kwenye mbavu za msonobari.
Injini ilitoka misheni,
kwenye gari la padri lenye mgongo wa kobe
lililolaliwa na kuku miaka kumi na mmoja.

Kaka yangu Kasanda yeye halali.
Tangu karakana ya reli impe barua na bahasha ya mwisho
huzunguka nyumba saa tisa za usiku,
anafungua bomba, analifunga,
anahesabu spana alizozihesabu jana.
Mke wake alisema: huyu sailensa yake iko juu.
Tukacheka. Hatukujua kwamba tumesema jambo la ufundi.

Mara ya kwanza kutua ilikuwa mchana, jua kali.
Nilisimama jiwe la tatu na kitenge cha manjano,
kazi yangu kuonyesha magurudumu yamegusa wapi.
Hayakugusa.
Alirudisha gesi yote, injini ikabaki kunong'ona,
na mnong'ono ule ulikuwa bado unavuta.
Panga la mbele lilizunguka kidogo tu,
kidogo hicho kikatosha:
jiwe la nne, la tano, la saba,
futi mbili juu ya nyasi,
kama mgeni anayeagia mlangoni na haondoki,
hewa imebanwa kati ya bawa langu na ardhi, inambeba,
inambeba,
hadi akaingia kwenye karanga za Mama Shija
na kuzing'oa mistari miwili kabla ya wakati wake.

Tulilipa debe.

Usiku akashika bisibisi. Skrubu ya kabureta,
nusu mzunguko kushoto.
Alfajiri, na baridi ile ya Juni,
injini ikapiga polepole hata mtoto angeihesabu:
tu. tu. tu.
Akaruka. Akazunguka mara moja. Akakata kona juu ya reli,
akarudisha gesi,
na tu ya nne haikuja.
Nikasikia upepo ukipita kwenye mishono yangu,
mmoja mmoja.
Aligusa kabla ya jiwe la kwanza, hatua tisa kutoka kichuguu.
Akashuka, akaenda nyuma ya mti kukojoa,
akarudi, akaandika kwenye daftari: Chini mno.

Robo kulia. Mchana, jiwe la sita.
Robo kushoto. Asubuhi, ikazimika ingali chini.
Robo kulia.
Wiki mbili skrubu ikaenda na kurudi
kama mke aliyegombana na wakwe.

Mimi ndiye niliyelisoma daftari.
Si fundi wa injini, ila hupima watu,
na najua kiuno cha asubuhi
si kiuno cha baada ya ugali.
Kasanda, nikamwambia, unaipima ikiwa na njaa.
Halafu unaruka nayo ikiwa imeshiba.

Hakujibu. Alikwenda hewani dakika ishirini na tano,
akaliona bwawa la Igombe, akarudi (jiwe la sita),
na safari hii hakuzima.
Shemeji na mimi tukang'ang'ania mkia,
oili ya moto inanuka, vumbi linatupiga meno,
naye amechuchumaa nyuma ya panga, mkono ndani,
anageuza skrubu si robo, bali robo ya robo.
Akasikiliza. Akarudisha unywele mmoja.

Akaruka tena.
Akaja chini juu ya reli, akarudisha gesi,
na ndege ikakubali kuwa nzito.
Jiwe la tatu. Vumbi likagusa kitenge changu.
Injini ikabaki pale inaguguma,
haivuti, haifi.

Mama Shija anadai debe la pili; asema la kwanza lilikuwa na mapepe.

Usiku ule, saa tisa, nikasikia bomba likifunguliwa.
Nikangoja lifungwe.
Lilichukua muda.
Alikuwa anakunywa maji.